Hai Jalaba: Wema Mdogo ni Akiba ya Mji

Katika mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, umo mtaa wa zamani uitwao Hai Jalaba. Msomaji wa Kiswahili alionapo jina hilo kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba limetungwa ili kuujulisha ulimwengu kuwa bwana Jalaba yungali hai wala hajafa. Sivyo. Neno "hai" katika Kiarabu cha Sudan maana yake ni mtaa, basi. Na "jalaba" ndilo jina walilopachikwa wafanyabiashara wa kutoka kaskazini, waliokuwa wakija na nguo, sukari, chumvi na majani ya chai, wakafungua maduka, wakaoa au wakaleta wake zao, wakazaa, na wengi wao wakazikwa huko huko. Wala hao si wa kwanza kukaa mahali hapo. Wafanyabiashara wa Kigiriki walifika sehemu hizo mnamo mwaka 1922, katika nchi ya Wabari, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Naili, wakajenga. Na mtaa wao ndio ulioitwa baadaye kwa jina la Majalaba. Leo mji huo una Waganda na Wakenya, Waeritrea na Wahabeshi, Wasomali na watu wa Darfur, mbali na wenyeji wa makabila yote ya Sudan Kusini. Kwa hiyo tunazungumzia mtaa ambao tangu kuasisiwa kwake haukupata kuwa wa kabila moja, na ambao kila kizazi kimekuta ndani yake mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji.

Hatuna nia ya kulipamba jina hilo. Lina jeraha ndani yake, na mwenye kulificha jeraha hilo hawatendei haki watu wa Kusini. Katika karne ya 19, miongoni mwa walioitwa Majalaba walikuwamo wafanyabiashara ya watumwa na pembe, na bibi za watu wa Bahr el Ghazal na Ikweta waliyasimulia hayo kwa wajukuu wao. Kisha zikaja vita mbili ndefu, ya 1955 hadi 1972 na ya 1983 hadi 2005, ambamo neno hilo likageuka tusi la kumtupia kila mtu wa kaskazini, awe mkubwa serikalini au maskini mwenye kuuza vitunguu. Na tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ilipojipatia uhuru wake, mwenye duka aliyelala usiku akiwa raia aliamka asubuhi akiwa mgeni mwenye kuhitaji kibali. Hakusogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliomwendea kule aliko.

Pamoja na hayo yote mtaa haukufa, na duka lilifunguliwa asubuhi. Kwa nini? Wanasiasa wanayo majibu yao, nao wanauchumi wanayo yao, na hatusemi kwamba ni ya uongo. Lakini sisi tunaona kwamba liko jibu moja ambalo halipewi nafasi magazetini kwa sababu linaonekana dogo mno, nalo ni mambo ya wema wa kila siku ambayo jirani humfanyia jirani, bila kutangaza na bila kuandikiana mkataba. Ndiyo tunayotaka kuyasema leo.

Na tuanze na maji. Katika miji ya Sudan zote mbili ipo desturi ya kuweka mitungi mikubwa ya udongo, ambayo wenyewe huiita ziri, nje ya nyumba, mbele ya duka, kando ya msikiti au chini ya mti wa njia panda. Mtungi huwekwa juu ya kiti cha mbao au cha chuma, hufunikwa kwa kifuniko, na juu yake hukaa kikombe cha bati. Mpita njia hahitaji kubisha hodi. Hunywa, hukirudisha kikombe, hushika njia yake. Udongo ule haukupakwa rangi wala kung'arishwa, kwa hiyo maji hupenya polepole na kutoka jasho nje ya mtungi, jasho hilo hukauka kwa upepo, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtu hunywa maji baridi saa nane mchana, katika jua la Juba la mwezi wa Februari, pasipo umeme wala barafu. Watu wa pwani yetu wataitambua desturi hii mara moja, maana ni ileile ya maji ya sabili, na mtungi wenyewe ni ndugu wa balasi.

Sasa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atasema kwamba maji ni maji, kuna ukarimu gani hapo? Hapo ndipo inapompasa aijue Juba. Sehemu kubwa ya mji huo haina mabomba. Maji huletwa na magari yenye matangi, yakauzwa kwa pipa. Au huletwa na vijana wa baiskeli waliosheheni madumu ya plastiki, yakauzwa kwa dumu. Gari likiharibika, au mafuta yakipanda bei, pipa nalo hupanda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayejaza mtungi asubuhi ili anywe asiyemjua, huyo hatoi kilichozidi. Anatoa alichokinunua. Sisi tuliolelewa katika nidhamu ya kuhesabu magunia ya unga, mapipa ya maji na masanduku ya risasi tunafahamu vyema tofauti ya mambo hayo mawili, na kila askari aliyepata kutembea mchana kutwa na chupa moja ya maji kiunoni anafahamu pia.

Baada ya maji kuna daftari. Katika duka la mtaa, mwenye duka huwa nalo chini ya meza daftari la madeni, lenye kurasa zilizopinda pembe, ambalo ndani yake yamo majina ya mtaa mzima. Mshahara wa mtumishi wa serikali nchini Sudan Kusini umekuwa ukichelewa miezi mingi, na jambo hilo si siri. Katika miezi hiyo, ni nani aliyemlisha mwalimu, mwuguzi, karani na askari polisi? Tusijidanganye: aliyemlisha ni mwenye duka, kwa kalamu. Kilo ya sukari, nusu lita ya mafuta, sabuni, majani ya chai, vyote viliandikwa, na mtoto aliyetumwa akarudi nyumbani na mzigo. Mara nyingi akarudi na nyongeza pia, peremende moja au kiganja cha dengu ambacho hakikuandikwa. Naye mama muuza chai wa chini ya mti, ambaye mtaji wake ni birika, jiko la mkaa na viti sita vya plastiki, hana hata daftari. Yeye huweka madeni kichwani, na wengine huwasamehe kabla hawajaomba.

Tunajua kwamba hapa watatukatiza wenzetu wenye macho makali. Watasema kwamba hiyo si huruma, ni chambo. Kwamba mwenye duka humkopesha mtu ili amfunge, na nyongeza ya peremende ni mbinu ya biashara ya tangu zamani, inayojulikana kwa Mmanga, kwa Mshihiri na kwa Mhindi wa dukani katika kila mji wa Afrika Mashariki. Hoja hiyo ina ukweli wake. Bei ya mkopo si sawa na bei ya fedha taslimu, na wapo wenye maduka ambao huandika kilo moja kwa tarakimu inayofanana sana na mbili. Lakini tuulizane: ni lini wema wa mwanadamu ulitoka kifuani mwake ukiwa safi kama maji ya mvua, usiochanganyika na haja yake mwenyewe? Mwenye duka anataka wateja, na anataka majirani. Hivyo viwili havigombani. Mtu anayengoja mshahara wako kwa miezi mitatu pamoja nawe ameifungamanisha bahati yake na yako, na huo ni mwanzo wa undugu, hata kama ulianzia kwenye hesabu.

Faida ya mambo hayo haionekani siku za neema. Yatupasa tutazame siku ya balaa, nayo haiko mbali. Tarehe 15 Aprili 2023 vita viliwaka mjini Khartoum, na watu wakaanza kumiminika kusini kupitia kivuko cha Joda na mji wa Renk. Ilipofika mapema mwaka 2025 walikuwa wamezidi milioni moja, wengi wao raia wa Sudan Kusini waliokuwa wakirejea, na wengine Wasudani waliokuja kama wakimbizi. Kisha, tarehe 11 Januari 2025, jeshi la Sudan liliingia tena katika mji wa Wad Madani, na baada ya siku chache picha za raia wa Sudan Kusini wakiuawa katika sehemu hizo zikaenea kutoka simu hadi simu. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini hasira haikuwaendea wauaji, kwa kuwa wauaji walikuwa mbali na wana bunduki. Usiku wa tarehe 16 Januari ilimwendea mwenye duka. Maduka ya Wasudani mjini Juba yalivunjwa na kuporwa, watu wakauawa, na siku ya pili yake Polisi ikatangaza amri ya kutotoka nje nchi nzima tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Rais Salva Kiir aliwasihi wananchi wajizuie. Wasudani wengi walipelekwa kwenye vituo vya polisi ili wanusurike, na kwa siku kadhaa mitandao ya kijamii ilifungwa.

Tuutafakari usiku ule kwa akili iliyotulia. Umati unaokwenda kuvunja duka haumwendei Hamisi wala Idrisa. Unaliendea jina la jumla: Jalaba. Umati hauwezi kumdhuru mtu unayemjua kwa wepesi ule ambao unamdhuru mtu asiyejulikana. Ndiyo sababu wachochezi wa nchi zote, toka zamani, huanza kazi yao kwa kuwanyang'anya watu majina yao na kuwapa jina moja la kundi. Sasa, kinyume cha kazi hiyo ya uchochezi ni nini? Si hotuba, ingawa hotuba inafaa. Kinyume chake ni ile miaka 20 ya kupokezana kikombe cha bati. Kijana ambaye mama yake alikopeshwa sukari siku alipojifungua mdogo wake, huyo hawezi tena kuona Jalaba mbele ya duka lile. Anamwona mzee fulani, mwenye kikohozi, ambaye mwanawe alikuwa akicheza naye mpira. Kijana wa mtaa wa tatu, asiyeujua mlango ule, ndiye anayeweza kurusha jiwe.

Kwa hiyo tunasema kwamba wema mdogo ni akiba, na akiba hiyo ina tabia moja mbaya: haiwezi kuwekwa siku ileile inayohitajika. Asiyemsalimu jirani yake kwa miaka kumi hawezi kuanza kumsalimu saa tatu usiku akisikia vioo vikivunjika. Tena haitoshi mahali ambapo umati umetoka mbali, kwa sababu hapo jirani mwema huwa mmoja na wenye mapanga huwa mia. Hatudai zaidi ya hayo. Twadai tu kwamba palipo na akiba hiyo, kuna mlango wa uani unaofunguliwa, kuna anayesimama na kusema "huyu ni wetu", na kuna dakika chache zinazopatikana mpaka gari la doria lifike. Wenye kazi ya ulinzi wanajua thamani ya dakika chache.

Lakini pengine msomaji anaona kwamba tumebaki katika mtaa mmoja, na kwamba swali la jinsi jambo dogo linavyokua kubwa halijajibiwa. Basi tutoke Juba kwa barabara ya kusini-magharibi, tufike Yei, na kutoka Yei twende mpakani mwa Uganda. Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo laiti lingefundishwa katika shule zote za Afrika Mashariki.

Idi Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, watu wa West Nile, mkoa alikotoka, waliingiwa na hofu ya kulipiziwa kisasi. Na hofu yao ikathibitika mwaka 1980 na iliyofuata, majeshi yalipoingia katika wilaya zao, yakachoma na kuua bila kubagua aliyekuwa askari wa Amin na aliyekuwa mkulima wa mihogo. Mamia ya maelfu walikimbilia Zaire na Sudan ya Kusini. Waliofika Yei na Kajo Keji hawakwenda wote katika kambi. Mtaalamu Barbara Harrell-Bond, aliyefanya utafiti wake huko na kuuchapisha mwaka 1986, alionyesha kwamba wakimbizi wengi walijikalia wenyewe miongoni mwa wenyeji, nje ya mpango wa mashirika. Maana yake ni nini kukaa miongoni mwa wenyeji? Ni kwamba kuna mwenyeji aliyeonyesha shamba na kusema lima hapa. Kuna mwanamke aliyetoa kaa la moto asubuhi ya kwanza, na mwingine aliyegawa mbegu za mtama alizokuwa amezining'iniza juu ya jiko. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyejua kwamba anafanya jambo la historia.

Miaka ikapita, gurudumu likageuka. Vita vya Sudan vikawasukuma watu wa Ikweta kwenda Uganda, na wakakuta huko watu waliorejea kwao, waliokumbuka. Kisha, mwezi wa Julai 2016, mapigano yakalipuka tena Juba, yakaenea Yei na vijiji vyake, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kila siku. Mwezi wa Agosti mwaka ule serikali ya Uganda ilifungua makazi ya Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe, na kwa muda wa miezi michache yakawa na watu zaidi ya robo milioni. Ardhi waliyopewa ilikuwa mali ya koo za wenyeji, nazo ziliitoa. Wazee wa huko walipoulizwa sababu, jibu lililosikika mara nyingi lilikuwa jepesi: sisi nasi tulikimbilia kwao. Yule mwanamke wa Yei aliyetoa kaa la moto mwaka 1980 huenda hakuwa hai mwaka 2016, lakini mjukuu wake alipewa kiwanja. Daftari la dukani hufutwa deni likilipwa. Daftari hili halikuandikwa mahali popote, na ndilo lililodumu kwa miaka 36.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikwenda sawa Bidi Bidi. Kuni zilipungua, visima viligombaniwa, na chakula cha msaada kilikatwa mara kwa mara. Wala si Uganda peke yake yenye historia ya namna hii: Tanzania iliwapokea Warundi mwaka 1972, ikawapa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wayageuze mashamba, na mwaka 2014 ikawapa uraia watu wapatao 162,000 miongoni mwao. Uraia hutolewa na serikali kwa sahihi na mhuri. Lakini serikali isingeweza kutia sahihi hiyo kama majirani wa Tabora na Rukwa wasingekuwa wamekwisha kuwazoea wageni wao kwa miaka 40, kwa kuuziana mahindi na kuzikana.

Turudi tena kwa ndugu zetu wa kaskazini, ambao mtaa wetu una jina lao. Wasudani wana neno "nafiri". Kwetu nafiri ni baragumu la kupulizwa. Kwao ni ule mwito wenyewe, watu wanapoitana kumjengea mtu nyumba, kumvunia shamba au kuziba maji ya mafuriko, kama msaragambo wa Wapare au harambee ya Wakenya. Vita vya 2023 vilipoifanya serikali itoweke katika mitaa ya Khartoum, vijana walirudi kwenye nafiri. Kila mtaa ukaunda chumba chake cha dharura. Mmoja akaleta sufuria, mwingine maharage, mwingine akachangisha kwa simu fedha kidogo kidogo kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Wakapika chungu kimoja cha mtaa, wakawabeba majeruhi, wakawatoa watu mahali pa hatari. Baadhi yao walikamatwa, na baadhi waliuawa kwa ajili ya sufuria hiyo. Mwaka 2025 vyumba hivyo vya dharura vilipewa Tuzo ya Rafto ya Norway na pia tuzo ya Right Livelihood ya Sweden. Sisi hatushangazwi na tuzo. Linalotushangaza ni kwamba mashirika makubwa, yenye ndege na maghala, yalifungiwa njia, na sufuria ya mtaa ikapita. Ilipita kwa sababu haikuhitaji kuja kutoka mahali pengine.

Hata hivyo yatupasa tuweke mpaka katika maneno yetu, kwa kuwa sifa ya wema mdogo hupendwa mno na watu wasiotaka kufanya makubwa. Mtungi wa maji hauondoi wajibu wa serikali wa kuleta mabomba. Daftari la mwenye duka si badala ya mshahara unaolipwa tarehe yake. Na kiongozi anayesimama jukwaani kuusifu uvumilivu wa wananchi wakati mapipa ya maji yanapanda bei chini ya dirisha lake, huyo anautumia wema wa watu kama mto wa kulalia. Mwaka 2025, waliopora maduka ya Juba hawakukosa tu malezi. Walikosa pia kazi, na waliona kwa muda mrefu kwamba anayepora hafikishwi mbele ya hakimu. Wema wa mtaa unahitaji ukuta wa sheria nyuma yake, la sivyo kila baada ya miaka michache utavunjwa pamoja na vioo.

Tena kuna jambo ambalo sisi tuliovaa sare hatuwezi kulikwepa. Kwa mwananchi wa kawaida, dola si jengo wala bendera. Dola ni mtu wa kwanza aliyesimama mbele yake akiwa na kofia au mhuri. Karani akimwambia bibi kizee "keti, shikamoo, nitakuletea fomu", basi siku hiyo serikali imemwamkia. Askari wa doria akiwapisha wanawake wenye madumu ya maji kabla ya gari lake, habari hiyo hufika sokoni kabla yake. Wanajeshi wa Rwanda walio katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Sudan Kusini wamekuwa wakishika mafagio na sepetu pamoja na wakazi wa Juba, kwa desturi yao ya umuganda, na kufagia soko na mitaa. Wapo waliocheka wakisema kwamba jeshi halikuja kufagia. Sisi tunaona kwamba asubuhi moja ya fagio hufundisha askari majina ya watu anaowalinda, jambo ambalo ramani haimfundishi.

Kinyume chake nacho hukua kwa njia ileile, haba na haba. Tuitazame barabara ya Juba hadi Nimule, kilometa 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012, ambayo kwayo unga, mafuta, sabuni na saruji huingia kutoka Uganda na bandari ya Mombasa. Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 2016, na mkataba huo unasema mengi mazuri kuhusu bidhaa kupita bila vikwazo. Lakini katika barabara za nchi hiyo dereva wa lori amekuwa akikutana na kamba iliyofungwa baina ya miti miwili, na kijana mwenye bunduki anayetaka kitu kidogo. Ni kidogo kweli. Kijana yule naye ana njaa, na mshahara wake nao umechelewa. Anajiambia kwamba noti moja haimuumizi tajiri mwenye lori. Kilometa chache mbele kuna kamba nyingine, na mwenzake anajiambia maneno yaleyale. Dereva hulipa, huandika katika karatasi yake, na afikapo Juba humpa karatasi hiyo mwenye bidhaa. Mwenye bidhaa huigawa katika magunia. Mwenye duka wa Hai Jalaba hupandisha bei ya kibaba. Na mama yake kijana yule wa kwenye kamba, anayeishi Juba na kungoja fedha za mwanawe, hutuma mtoto dukani asubuhi, akaambiwa kwamba unga umepanda tena.